Vigumba Juu ya Ungo

Mji wowote ninaoingia, kabla sijatafuta chumba, naangalia watu wake wanavyonoa. Kalemie wananoa visu vya samaki kwenye ukingo wa saruji, wakivivuta kuelekea kwao taratibu kama wanaovibembeleza. Huko Kananga mwenye nyumba wangu alikuwa na jiwe moja la mtoni, akilifungia kabatini pamoja na sukari. Ndola nilimwona mchinjaji akinoa kisu kwa kisu huku akiongea na wateja, bila hata kuangalia mikono yake. Nimepita arobaini sasa, na sijawahi kukaa mahali nikaona mpapai nilioupanda ukizaa. Lakini nikisikia chuma juu ya jiwe, ile sauti kavu inayokwenda na kurudi, mwili wangu wote unarudi Kamina, wakati ule wa Zaire, kiangazi kikielekea mwisho, moshi umefunika anga hata jua unaweza kulitazama kwa macho.

Nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari, mtoto wa askari. Baba yangu aliletwa kwenye base, kambi kubwa ya jeshi, kutoka upande wa Ekwateri mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nyumbani tulisema Kilingala, njiani Kiswahili, na kwa wenyeji wa vijijini nilikuwa mtu wa base, basi. Nilifanya kazi gereji, kazi ya kuosha vipande vya injini kwa mafuta ya taa. Upinde niliujua kwa namna ya watoto wa kambi: tulipiga njiwa na panya kwa mishale ya vyuma vya mwavuli, na nilipokuwa mtu mzima sikuuacha kama wenzangu. Nilikuwa na shabaha nzuri. Nasema hivyo kwa sababu mambo yaliyofuata hayakuharibika kwa shabaha.

Msichana mmoja alikuja base na beseni la sombe, yaani kisamvu, na unga wa muhogo. Mama yangu alimbishia kwa Kilingala, yeye akajibu kwa Kiluba, na kwenye bei wakaelewana vizuri kabisa. Nilimbebea beseni tupu mpaka barabarani. Hakuwa msichana mpole. Aliponiona mara nyingine akaniuliza kama gereji ilifungwa. Baadaye alikuja na mabeseni mawili yaliyofungwa pamoja, akaniwekea yote kichwani, akatangulia. Kwao kulikuwa kwenye barabara ya Kabongo, kijiji cha wakulima wa mahindi na muhogo, Wakatoliki wa tangu babu zao. Nilitembea naye kila mara mbele kidogo kuliko nilivyokusudia, mpaka siku moja nikajikuta naona paa la nyumba yao.

Siku ya kwenda kujulisha nia yangu nilivaa abakosti ya baba yangu, lile koti la serikali lisilovaliwa tai. Ilikuwa nzito, ya kijivu, na mabega yake yalikuwa ya mtu mwingine. Baba wa msichana alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka kikapu. Alinitazama kutoka chini mpaka juu.

"Sitwayeni," akasema, kama raia wanavyoitwa ofisini, "hausikie joto?"

Hayo ndiyo yalikuwa karibu maneno yake yote kwangu. Alipoelewa nimekuja kwa ajili gani, heshima ya kwao ilishika: baba na mtu anayemtaka binti yake hawatupiani maneno usoni. Kuanzia hapo kila kitu kilipita kwa kaka wa msichana, kijana wa rika langu mwenye meno makubwa na maneno mengi, ambaye aliniita shemeki kabla hata sijakaa. Mzee angesema jambo, mimi nimelisikia wazi kwa kuwa alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, kisha kaka angenigeukia na kulisema upya kana kwamba limetoka mbali, Kaniama.

Ni yeye aliyenieleza hali ilivyo. Kulikuwa na watu wa Kabongo waliokuja kuuliza habari za dada yake, familia yenye duka. Mzee hakuwakatalia wala hakuwakubalia. Aliwaambia wangoje pori liungue. Kwao mchumba anayewinda hufungua maneno kwa paja la nyama: paja linaingia chungu cha mama, mama anapika, chakula kinapelekwa kwa baba wadogo na baba wakubwa, na wakishakula ndipo mtu anaruhusiwa kufungua mdomo juu ya mahari. Bila chungu kile hakuna anayesema neno. Msimu wa kuchoma pori ulikuwa umefika. Mvua zikianza, uwindaji umekwisha, na watu wa Kabongo watarudi kuchukua jibu.

Nikamwambia kwamba baba yangu ana rafiki mwenye bunduki.

"Nyama ya bunduki iko ya jeshi," akasema. "Baba hataoza mutoto wake ku jeshi nzima."

Basi ikawa upinde. Na hapo nikajifunza sheria nyingine. Mgeni haingii katika uwindaji wa kijiji kile na chuma chake mwenyewe. Anapewa kigumba cha nyumba inayompokea, yaani kile kichwa cha chuma kinachokaa kwenye ncha ya mshale. Kila nyumba ina alama yake iliyokatwa karibu na shina la kigumba, mistari au nukta, ili nyama ikianguka ijulikane imeanguka kwa nani, na mshale ukiingia ng'ombe wa mtu ijulikane nani atajibu. Vyuma vyangu vya mwavuli havikuwa na wa kuvijibia.

Mzee alisema vyuma viletwe. Kaka akaleta ungo uliojaa, akauweka chini kati yetu.

Naweza kuuchora ungo ule hata leo. Kulikuwa na vigumba vyembamba vyenye miiba, vya sungura na panya wakubwa wa majani, ambavyo mwiba wake unashika nyama isichomoke. Kulikuwa na vipana, umbo la jani la mpera, pande mbili za makali zinazokutana kwenye ncha na uti uliosimama katikati. Hivyo vilikuwa vya nyama kubwa. Mhunzi wa kijiji jirani alivifua kutoka resori, zile springi za malori yaliyokufa, na baadhi ya resori zile, naamini, zilitoka gereji yetu kwa njia ambazo sitazieleza. Vilikuwa vipya, vyeusi katikati, vyeupe pembeni palipopita tupa. Kimoja kati ya vile kilikuwa kizuri kuliko chuma chochote nilichowahi kuona. Na pembeni ya ungo, peke yake, kulikuwa na kigumba kimoja kilichozeeka, kilichonolewa miaka mpaka kikabaki na upana wa ganda la haragwe. Alama yake ilikuwa imekaribia kufutika.

"Baba anasema chagula moja," akasema kaka.

Mzee alikuwa anatazama ghala la mahindi. Mkono wangu ulipopita juu ya kile kipana, kizuri kabisa, msichana alikohoa jikoni. Nikafikiri ni moshi.

Shangazi zangu wa kambi walikuwa na hadithi zao. Mchumba anawekewa vibuyu viwili, kimoja kimepambwa shanga, kingine kimeungua na kupasuka, na anayechukua kile kilichoungua ndiye anayepewa binti. Nilikua na hadithi hizo. Nilipoona chuma kile chakavu kimewekwa pembeni, peke yake, na mzee anatazama kwingine, nikajiambia: ndiyo hii. Nikakichukua kile chakavu.

Kaka akaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeona mbali.

Mzee akageuka. Akasahau heshima, akaniambia mimi mwenyewe: "Ile?"

"Njo ile, baba."

Akatazama upande wa jikoni, kisha akarudia kikapu chake. Kaka akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Alikwenda nyuma ya ghala, na kutoka huko nikamsikia akicheka mpaka pumzi inamkatika. Aliporudi, macho bado yana maji, akanieleza.

"Shemeki, ile tunatoboleaka nayo viatu ya pneu."

Nikamuuliza, basi kwa nini iliwekwa kwenye ungo.

"Baba alisema tulete byuma byote ya nyumba, juu usiseme tulificha kimoja. Tukaleta byote."

Kukirudisha haikuwezekana. Kilichochaguliwa kwenye ungo ni kama sahani uliyopokea kwa mikono miwili: hurudishi ukaomba nyingine. Nilikuwa nimejipa chuma cha kutobolea viatu vya matairi ili nikatafute paja la kumwoa mtu.

Uwindaji uliwekwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni. Niliomba ruhusa gereji, nikalala siku zile nyumba ya kaka, na tangu asubuhi mpaka jioni nilinoa. Nilikaa nyuma ya ghala, mahali wanawake hawapiti, kwa maana mwanamke hapaswi kuvuka chuma cha uwindaji. Nilianza na tupa niliyoazima kwa mhunzi. Nilishikilia kigumba juu ya gogo, nikasukuma tupa kuelekea makali, upande mmoja tu, bila kurudisha, kwa sababu ukirudisha unalaza kile ulichosimamisha. Kisha jiwe. Jiwe la kwao lilikuwa la rangi ya ini, lenye bonde katikati lililochimbwa na vizazi vya visu, na lilitaka maji daima. Likikauka linakwaruza na kula chuma bila faida. Maji yakichanganyika na unga wa chuma yanakuwa tope jeusi lenye harufu kama ya damu. Nilijipaka tope lile mpaka kwenye viwiko.

Mzee alisogeza kigoda chake karibu, akiwa na kikapu, akanipa mgongo. Na ushauri wake ukaanza kupita kwa kaka.

"Baba anasema unaipapasa kama shavu ya mutoto. Ikamate."

"Mwambie baba naogopa itaisha."

Kaka hakujisumbua kugeuka. "Anaogopa itaisha."

"Muambie ilisha kuisha zamani," akasema mzee.

Tulicheka wote watatu, mzee kwa mabega tu. Siku iliyofuata makali yalikuwa yanakata nywele za mkono wangu bila kuzivuta. Nilitaka kuyasugua juu ya ngozi mpaka yang'ae kama kioo, nikaambiwa niache. Makali yanayong'aa, alisema mzee kupitia mwanawe, yanateleza juu ya mshipa kama mtu mlevi juu ya matope. Yanatakiwa yabaki na ukali mdogo unaokwaruza, kama ulimi wa paka, ili yakipita yashike na kupasua. Nikayarudisha kwenye jiwe, nikapitisha mara chache kwa mshazari, nikayajaribu kwenye kucha. Yakauma badala ya kuteleza. Hilo nalikumbuka kwa vidole.

Lakini upana hautoki kwenye jiwe. Mshale hauui kama risasi, kwa kugonga. Unaua kwa kufungua damu, na ile damu inayomwagika ndiyo inayokuonyesha nyama imekwenda wapi kufa. Ndiyo maana vigumba vya nyama kubwa ni vipana.

"Baba anasema hii haitafungula mulango," kaka alinifikishia jioni ya mwisho. "Itatobola tu dirisha. Mupaka ungoje nyama ikuye karibu kabisa, ile unaweza kuona kope zake."

Msichana alikuwa anatuletea maji ya jiwe. Aliyaweka mbali, kwenye kona ya ghala, asije akakikaribia chuma, na kaka aliyafuata. Hatukusemezana siku zile, haikufaa. Aliweka kibuyu, akatazama kile chuma mkononi mwangu, akabana midomo, akaondoka. Mama yake alikuwa ameshakiosha chungu, chungu kikubwa cha udongo kilichokaa mwaka mzima kinyumenyume, akakianika juani. Kila nilipoinua kichwa nilikiona.

Ningeulizwa leo siku zipi ningependa kurudishiwa, ningesema zile. Si siku ya uwindaji. Zile za kabla, nyuma ya ghala, jua jekundu, tope la chuma mikononi, mzee ananipa mgongo, kaka ananitania, na yeye anakuja na maji. Nilikuwa mtu anayengojewa. Tangu wakati ule nimekaribishwa nyumba nyingi, kungojewa bado.

Jumamosi ilianza vibaya kwa sababu ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Mkubwa wa chama alikuwa amepita, na hata wawindaji ilibidi kwanza wafyeke kando ya barabara, wakiimba, mishale imewekwa chini ya mti kama vijiko. Tulipoachiwa jua lilikuwa limeshapanda sana. Wengine walikwenda upande upepo unakotoka kuwasha majani. Sisi wenye pinde tukasimama kwa mstari kando ya bonde la matete, kila mtu mahali pake. Mzee alinipangia, kwa kidole, pengo zuri. Alikuwa amempa mtu wa base pengo zuri. Wengine waliliona hilo.

Moto ulianza kama mvua ya mbali. Kisha majivu yakaanguka, majani meusi mepesi yaliyokunja mikono, na mwewe wakaja juu ya moshi kudaka panzi. Walipita sungura, sikuwapiga. Akapita kwale. Halafu tohe dume akatoka, yule swala wa majanini mwenye pembe zilizopinda mbele, si kwa mbio, bali kwa ule mwendo wa kusimama na kusikiliza. Nilingoja. Nilingoja mpaka nikasikia mtu wa kushoto kwangu akinong'ona kwa hasira. Nilipoona unyevu kwenye pua ya tohe nikaachia.

Mshale ulimwingia nyuma ya bega, mahali hasa. Nilishangaa jinsi ulivyoingia: hakuna sauti, hakuna kutetemeka. Ulipita mwilini mwake kama sindano inavyopita kitambaa, ukatoka upande wa pili, ukasimama ardhini. Tohe alitazama nyuma kidogo kama aliyeitwa, kisha akakimbia mbele yetu, akaingia matete.

Tuliukuta mshale wangu umelowa damu mpaka manyoya. Mzee aliuinua, akaunusa, akanionyesha damu yake, nyekundu angavu yenye povu dogo, damu ya mapafu. Alitabasamu. Nyama ile ilikuwa imekufa tayari, ilibaki kuiona tu.

Tukafuata. Kulikuwa na tone moja juu ya jani lililopona moto. Kulikuwa na jingine kwenye kichuguu. Baada ya hapo pori lilikuwa jeusi, na damu kidogo juu ya majivu meusi haionekani. Baada ya majivu yalikuja matete, na maji yanayofika magotini. Tundu la chuma chembamba lilikuwa limejifunga, ngozi imeteleza juu yake, na damu yote ilikuwa inamwagikia ndani. Wanaume wote walitafuta, hata yule aliyenong'ona. Walipanga mstari, wakayafungua matete kwa mikono, wakaitana. Asubuhi iliyoliwa na salongo ilitudai sasa: jua lilishuka bado hatujavuka nusu ya bonde. Mzee ndiye aliyepiga mluzi wa kurudi. Alingoja kidogo, akapiga tena, kwa sababu mimi sikuwa nimetoka majini.

Kulikuwa na nyama nyingine siku ile. Watu wengine walipata, na wakagawana, na nyumba ile nayo ikapata fungu lake. Lakini hiyo ilikuwa nyama ya chungu chochote. Tulipoingia uani moto ulikuwa unawaka, chungu kile kikubwa juu ya mafiga, maji yanachemka. Mama aliangalia mikono yetu. Alichukua majani ya kushikia, akakiteremsha chungu, akakibeba mpaka ukingo wa ua, akamwaga maji polepole, akijikinga mvuke kwa kugeuza uso. Kisha akakilaza kinyumenyume. Kaka alikaa chini akaanza kufungua viatu.

Asubuhi nilirudi kutafuta pamoja naye, na siku iliyofuata pia. Mvua ya kwanza ikatukuta mle mle mateteni, mvua iliyowahi mwaka ule, na kaka akaniambia kwa upole tutoke.

Msichana alinisindikiza njia ya Kamina. Hilo waliliruhusu, maana mgeni husindikizwa hata kama amekuja bure. Karibu na kijito akayasema yote pamoja.

"Nani alikuambia baba yangu iko na mafumbo? Baba akitaka kusema kintu, anasema. Alikuwekea byote juu uchagule kizuri. Njo vile tu."

Nikasema nilifikiri ni jaribio.

"Nilikohoa."

"Nilifikiri moshi."

"Moshi," akasema. Alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Nikamwambia tuondoke. Treni ya Lubumbashi ingepita wiki ile, kama si wiki ile basi nyingine. Tupande tu.

"Tushukie wapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua. Alisimama pale ananitazama, anangoja jina la mahali, jina lolote, na mimi nilikuwa na majina mengi kichwani lakini hakuna hata moja lililokuwa na mtu, au nyumba, au jiwe la kunolea. Alinisubiri kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Kisha akasema mama anamngoja. Akavuka kurudi, na hakuharakisha.

Watu wa Kabongo walipata jibu lao kabla ya mahindi kuchanua. Mimi nilipanda treni peke yangu, nikashuka, nikapanda nyingine.

Kaka yake nilimwona mara moja tu tangu hapo, Bukama, miaka mingi baadaye, Zaire ikikaribia kubadilisha jina. Treni yetu ilikuwa imesimama kungoja mashine ya kuivuta. Nilishuka kunyoosha miguu, nikamkuta kwenye mashua za mto Lualaba anachagua samaki wakavu wa kwenda kuuza Kamina. Alikuwa na kitambi. Aliniona kwanza yeye, akaniita shemeki kwa sauti, mbele ya watu, kama vile neno lile lilikuwa bado na haki ya kuishi.

Tulikaa juu ya magunia. Mzee alikuwa hai, lakini hakuwinda tena; askari wenye bunduki walikuwa wamelifagia pori. Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Mwaka ule ule, watu waliokwenda kukata matete waliikuta mifupa ya tohe wangu. Ilikuwa karibu sana na mahali tulipoishia, karibu kiasi kwamba mzee alikwenda akasimama pale, akarudi nyumbani. Pembe alizichukua. Alizitundika juu ya mlango wa ghala, na mgeni akiuliza aliyeua ni nani, mzee anasema ni mutoto wa base, aliua na chuma ya kutobolea viatu. Nilicheka. Kisha ikanibidi nitazame mto.

Nilimuuliza habari za dada yake. Yuko Kabongo, akasema, iko muzima, iko na batoto, duka bado linaendelea. Akapanga samaki ndani ya kapu, wakubwa chini.

"Anaulizaka juu yako," akasema.

"Anauliza nini?"

"Kama ulioa. Miye namuambiaka sijue." Akanitazama. "Sasa nitamuambia nini?"

Mashine ilikuwa imefika. Ilipiga honi, na watu wakaanza kukimbia na mizigo yao. Nikasimama.

"Muambie nilioa," nikasema. "Muambie niko na batoto."

Aliangalia kola ya shati langu, viatu vyangu, na furushi moja nililokuwa nimelishika muda wote bila kuliweka chini.

"Shemeki," akasema akicheka, "nani ataamini ile?"

Lakini aliponiona usoni aliacha kucheka, akasema sawa, atamwambia hivyo. Treni ilipoanza kutambaa alitembea kando yake kidogo, akanipitishia dirishani samaki mmoja aliyefungwa kwa jani la mgomba. Nilimla kabla hatujafika kituo kilichofuata. Kama alimwambia uongo wangu au alimwambia alichokiona, mpaka leo sijui, na kuna siku natamani awe amemwambia alichokiona.